Dagaa wakija kwa mkupuo, duka la mtandaoni lihimili kishindo

Katika kata ya Suguti, Musoma Vijijini mkoani Mara, biashara ya dagaa hufuata mwezi. Usiku wa giza wavuvi wa Ziwa Victoria huvua kwa taa. Mbalamwezi ikitoka, uvuvi hupungua. Hivyo mzigo huja kwa mkupuo, na wateja nao huja kwa mkupuo.

Mfanyabiashara anayetaka kuuza mzigo huo kwa mtandao hana budi kulifikiria hilo mapema. Duka la mtandaoni huendeshwa na kanzidata, yaani daftari ndani ya kompyuta linalotunza bei, mzigo uliopo na oda. Siku za kawaida halina shida. Siku mzigo unapotangazwa, mamia ya wanunuzi wanaweza kulifungua kwa pamoja, tovuti ikagoma, au gunia moja likauzwa kwa watu wawili. Mteja aliyelipa akakosa mzigo ni vigumu kurudi tena.

Wapo wanaodhani dawa yake ni programu ya gharama kubwa. Sivyo. MySQL, iliyoanza Sweden mwaka 1995, na PostgreSQL, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni programu huria zinazopatikana bila kulipia leseni. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, unaotumika pia Tanzania, hutumia PostgreSQL. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, taarifa za wilaya zikiingia katika daftari moja kupitia intaneti.

Kabla ya kukodi kompyuta kubwa zaidi, yapo mambo manne ya kufanya.

Kwanza, weka faharasa. Bila faharasa, kompyuta hupekua daftari zima kutafuta oda moja.

Pili, punguza maswali. Wanunuzi wengi huangalia bei na picha tu. Vitu hivyo vitunzwe pembeni kwa dakika chache, badala ya kuiuliza kanzidata kila mara.

Tatu, tenganisha wanaosoma na wanaoandika. Programu zote mbili huweza kunakili daftari kuu kwenye kompyuta ya pili. Wanaotazama wasome nakala. Oda ziandikwe kwenye daftari kuu. Nakala huweza kuchelewa kidogo, hivyo wakati wa kununua, idadi ya magunia yaliyobaki isomwe kwenye daftari kuu.

Nne, fungia mzigo. Kupunguza gunia stoo na kuandika oda viwe muamala mmoja: vyote vifanyike au vyote vifutwe. Kwa kuwa malipo ya simu huweza kuchukua muda kuthibitishwa, gunia litengwe kwa dakika chache. Fedha isipoingia, lirudi sokoni.

Hata hivyo, leseni ya bure haina maana kuwa hakuna gharama. Fundi hulipwa, na seva hulipiwa. Aidha, kompyuta ya pili si akiba: oda ikifutwa kimakosa kwenye daftari kuu, hufutika na kwenye nakala. Akiba ya kila siku itunzwe mahali pengine, na ijaribiwe kama kweli hufunguka.

Muda wa kufanya majaribio hayo upo. Ni siku zile za mbalamwezi, mialo ikiwa imepoa.