Amri Isiyofutwa: Ishara za Seli katika Utumbo na Saratani yake

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ishara inayoujenga utumbo inavyoweza kuzaa saratani ya utumbo mpana. Mjini Likasi, Kiswahili ni lugha ya nyumbani na sokoni, ilhali vyuoni somo hili hufundishwa kwa Kifaransa. Daktari na mgonjwa, basi, wanahitaji maneno ya kukutania.

Tuchukue mfano wa kiwanda, usio mgeni kwa watu wa Shituru. Kapita hutoa amri ya kazi. Zamu ikiisha, amri hufutwa. Ukuta wa ndani wa utumbo nao una vijishimo vidogo sana, na chini ya kila kimoja mna seli mama. Seli jirani huzipelekea ishara iitwayo Wnt, nazo hugawanyika. Seli changa hupanda juu, huiacha ishara nyuma, hukoma kugawanyika, hushika kazi ya kufyonza chakula au kutoa ute, kisha hudondoka baada ya siku chache.

Ndani ya seli, amri hiyo hubebwa na protini beta-katenini. Pasipo Wnt, protini APC na wenzake huiandaa beta-katenini ivunjwe. Wnt ifikapo, uvunjaji husita; beta-katenini hujaa, huingia katika kiini cha seli, hushikamana na protini TCF4 na kuziamsha jeni za ukuaji. Mwaka 1998 ilidhihirika kwamba panya wasio na TCF4 huzaliwa bila seli mama katika utumbo mwembamba.

Jeni ya APC ilitambuliwa mwaka 1991. Ikiharibika, mfutaji wa amri hayupo: seli hugawanyika kana kwamba Wnt haikomi. Huota polipu, na kasoro nyingine zikiongezeka kwa miaka mingi, saratani hufuata.

Denis Burkitt, aliyekuwa daktari mpasuaji Kampala, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani hii ilikuwa nadra Afrika, akalihusisha jambo hilo na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Lakini nadra si kutokuwepo. Damu chooni isidhaniwe daima kuwa ni bawasiri au amiba. Polipu huchelewa kugeuka saratani, na ikiondolewa mapema, amri mbovu huondoka nayo.