Viumbe wa Majini Kama Kipimo cha Uchafuzi: Mfano wa Mfereji wa Nakivubo

Mfereji wa Nakivubo hukusanya maji ya mvua na maji taka ya katikati ya Kampala, hupita kando ya makazi ya Namuwongo, kisha huingia katika ardhi oevu ya mafunjo na hatimaye katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, ambako ndiko mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kusafishwa kwa matumizi ya jiji.

Kipimo cha kemikali huonyesha hali ya maji wakati yalipotekwa tu, hivyo sumu iliyomwagwa usiku na kusombwa kabla ya mapambazuko huweza kumpita mpimaji. Mdudu anayeishi majini kwa miezi kadhaa hawezi kuikwepa, na kwa sababu hiyo wataalamu hutumia viashiria hai, yaani viumbe ambao kuwapo au kutoweka kwao hueleza ubora wa maji.

Bakteria wanaoozesha kinyesi na mabaki ya vyakula hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini, na inapopungua, wadudu wachanga wa kundi la Efemeroptera huwa miongoni mwa wa kwanza kutoweka, huku wakisalia minyoo wa matope na mabuu mekundu ya usubi, ambayo damu yake ina himoglobini, kemikali inayonasa hata oksijeni kidogo. Ili kugeuza tofauti hizo kuwa kipimo, mfumo wa SASS wa Afrika Kusini, ambao Tanzania ina wake unaofanana nao uitwao TARISS, huipa kila familia ya viumbe alama kati ya 1 na 15, ya juu zaidi ikiwa ya wanaodhurika kwa wepesi zaidi, hivyo alama za chini huashiria maji machafu.

Kome, kwa upande wao, huchuja maji na kulimbikiza metali nzito mwilini, jambo lililomfanya mwanasayansi Edward Goldberg apendekeze mwaka 1975 watumiwe kuchunguza uchafuzi wa pwani, na Marekani ikaanzisha mpango wa kitaifa wa namna hiyo mwaka 1986.

Hata hivyo, viashiria hai havitaji jina la sumu wala havithibitishi kuwa maji hayana vimelea vya kipindupindu. Aidha, maji yaliyo chini ya mafunjo huwa na oksijeni haba kwa asili, hivyo alama za chini zikipatikana Nakivubo hazina budi kulinganishwa na za kinamasi kingine cha mafunjo kisichopokea maji taka, si na za kijito cha milimani, la sivyo jiji litalaumiwa kwa hali iliyoletwa na maumbile.