Uniti zako zinaliwa na joto, siyo na taa

Wadau wa Ngara, Biharamulo na kokote mliko, leo tuongee habari ya kubana matumizi ya nishati, nyumbani na kwenye gari. Maana ukimuuliza mtu kwa nini umeme wake unakwisha haraka, atakwambia watoto wanaacha taa zinawaka. Halafu huyohuyo anachemsha maji ya kuoga kwa hita asubuhi na jioni! Jamani, kinachokula nishati ni joto. Taa inasingiziwa tu.

Tuanze na LUKU. Bei zilizopitishwa na EWURA mwaka 2016 ziliweka mteja mdogo, yule wa D1, alipe shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo kila uniti ni shilingi 350, na hiyo ni kabla ya kodi na makato mengine. Kwa hiyo uniti ya 76 inakugharimu sawa na tatu na nusu za mwanzo. Gawanya 75 kwa siku 30, unapata uniti mbili na nusu kwa siku. Hiyo ndiyo bajeti yako.

Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa moja. Sasa piga hesabu. Balbu tano za LED za wati 9, zikiwaka saa tano kila usiku, hazifikishi uniti saba kwa mwezi mzima. Balbu tano za kizamani za wati 60, saa hizohizo, ni uniti 45. Kumbe hata ile balbu ya zamani ilikuwa mwizi kwa sababu hiyohiyo, sehemu kubwa ya umeme wake iliishia kuwa joto. Jiko la koili la wati 1,500 likiwaka saa moja tu, uniti moja na nusu imeondoka. Maharage je, yanaiva kwa saa moja? (Na wale wanaosema Rusumo si iko mlangoni kwetu: ni kweli, mtambo ule ni wa megawati 80, wanagawana Tanzania, Rwanda na Burundi. Lakini kuishi karibu na maporomoko hakupunguzi bei ya uniti.)

Lakini tuwe wakweli, nyumba nyingi za huku hazipikii umeme. Ni kuni na mkaa. Na hapo sisi tuna historia ambayo watu wa mikoa mingine hawana. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, Wanyarwanda wanaokaribia 250,000 kwa makadirio ya UNHCR walivuka daraja la Rusumo, wakapiga kambi Benaco. Vijana wa sasa mnaijua Benaco kama kituo cha malori, lakini kwa muda ule ilikuwa kama jiji. Kambi za Kagera zilipofika kilele zilikuwa zinachoma zaidi ya tani 1,200 za kuni kila siku. Kila siku! Hadi Wanyarwanda wanarudishwa kwao mwaka 1996, misitu ya kilometa za mraba 570 ilikuwa imeguswa, na kati ya hizo 167 zilikatwa vibaya sana.

Mashirika yaliyokuwa kambini yalihimiza mambo ambayo ukiyasikia unaweza kucheka: loweka maharage usiku kucha, pasua kuni ziwe ndogo na uzikaushe, funika sufuria, jenga jiko la udongo linalozunguka sufuria badala ya mafiga matatu. Hayahitaji hela. Ila yana fizikia ndani yake.

Maji yakishachemka hayaongezeki joto tena, hata ukisukumia gogo zima. Moto wa ziada unageuza maji kuwa mvuke tu, na huo mvuke umeulipia. Kwa hiyo yakichemka, punguza moto na funika. Kuni mbichi nazo zinatumia moto wake zenyewe kukausha maji yaliyomo ndani kabla hazijakupa wewe chochote. Halafu sisi wa milimani tuna tatizo la ziada: juu huku maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, ndiyo maana maharage ya Ngara yanachelewa kuiva kuliko ya Dar. Dawa yake ni jiko la presha, maana mvuke ukifungiwa, joto linapanda kupita 100. Yale ya umeme hayawaki muda wote, yanashikilia joto lililomo. Kwa maharage yanaliacha mbali sana jiko la koili.

Sasa gari. Huku tuko mbali na bandari, na nauli ya kuleta mafuta inaingia kwenye bei ya lita. Tena injini ya petroli inageuza karibu robo tu ya mafuta kuwa mwendo, nyingine yote inatoka kama joto. Na kila ukikanyaga breki unageuza hata ile robo kuwa joto. Dereva mzuri anaona tuta au kona mapema, anaachia mguu. Tairi lenye upepo pungufu linakula mafuta, na ndizi juu ya keria vilevile. Ukitoka spidi 80 kwenda 100, upinzani wa hewa unapanda zaidi ya mara moja na nusu.

Kuna mchezo mmoja madereva wanaupenda, kuweka nyutro kwenye mteremko eti wabane mafuta. Kwa gari la kabureta la zamani kulikuwa na kaukweli. Gari la kisasa lenye kompyuta, ukiwa kwenye gia na hujakanyaga mafuta, linakata mafuta kabisa. Ukiweka nyutro, injini inabidi inywe kidogo ili isizime. Yaani unapoteza mafuta, na juu yake breki zinabeba uzito wote peke yake. Zikipata moto sana zinaacha kushika, na ule mteremko wa kushuka Rusumo chini yake kuna mto na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka.