Mikono ikianza, moyo hufuata

Msongo wa mawazo huanzia mwilini. Ubongo ukihisi hatari, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini katika damu: moyo huenda mbio, misuli hukaza, pumzi huwa fupi na tumbo hupunguza kazi ya kusaga chakula. Dakika chache baadaye hufuata homoni nyingine, kotisoli, inayohakikisha kuwa sukari inaendelea kupatikana katika damu ili mwili usiishiwe nguvu. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard aliieleza hali hii kuwa ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alionyesha kwa majaribio ya panya kwamba mwili hujibu kwa namna inayofanana hata mambo yanayoudhuru yakiwa tofauti kabisa, kama baridi kali, jeraha au uchovu wa kupita kiasi.

Utaratibu huo humfaa mtu aliyekoswakoswa na bodaboda. Anaruka pembeni, anatetemeka kidogo, na baada ya muda mfupi mwili umetulia. Haumfai anayewaza ada ya shule ya Januari, mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, au marejesho ya mkopo wa riba kubwa, ule wa kausha damu. Mambo ya namna hii hayapigwi ngumi wala hayakimbiwi, kwa hiyo mwili hubaki katika tahadhari kwa wiki au miezi. Dalili zake hujitokeza mahali ambapo wengi hawadhani kuwa ni mawazo: kichwa kinachouma kila jioni, shingo iliyokaza, kiungulia, usingizi wa mang'amung'amu, hasira za karibu na kusahau mambo madogo.

Unyong'onyevu wa moyo ni jambo jingine, ingawa mara nyingi huja pamoja na msongo. Aliyenyong'onyea amepungukiwa na hamu. Anaacha kwenda kwenye kwaya au uwanjani, hapokei simu, hana habari na bustani yake, anashinda kitandani. Kila anachokiacha kilikuwa kikimpa furaha kidogo, hivyo siku huzidi kuwa tupu na moyo huzidi kushuka. Mwanasaikolojia wa Marekani Peter Lewinsohn aliuchambua mzunguko huo katika miaka ya 1970. Utafiti wa namna hiyo ndio uliojenga wazo linalotumika leo katika tiba nyingi, kwamba mtu hana haja ya kungoja hamu irudi ndipo atende, kwani mara nyingi hamu hurudi akiwa ameshaanza.

Njia za kila siku za kujisaidia hulenga mambo haya: kuutuliza mwili, kuijaza tena siku, kulishughulikia tatizo lenyewe na kurudi kwa watu.

Kuutuliza mwili

Mapigo ya moyo hayatii amri, lakini pumzi hutii. Mtu anapovuta pumzi, moyo huongeza kasi kidogo. Anapoitoa, hupungua, kwa sababu neva ya vegasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka kupitia kifuani hadi tumboni, huutuliza. Ndiyo maana kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta huleta utulivu. Kuvuta kwa hesabu ya nne, kisha kutoa kwa hesabu ya sita, kwa dakika tano, ni zoezi linaloweza kufanyika ndani ya daladala bila abiria wa jirani kujua.

Mazoezi hutumia nguvu ambazo mwili ulikuwa umejiandalia. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kila wiki. Kiwango cha chini ni sawa na nusu saa kwa siku tano. Wastani maana yake ni kwamba pumzi imeongezeka lakini mtu bado anaweza kuzungumza. Hakuna ulazima wa kulipia ukumbi: kutembea kwa haraka, kulima na kucheza ngoma vyote vimo. Anayetumia daladala anaweza kushuka vituo viwili kabla ya chake. Matembezi ya asubuhi yana faida ya ziada, kwani mwanga huipanga saa ya mwili na kuurahisisha usingizi wa usiku.

Usingizi wenyewe ni nguzo. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na jambo linalosaidia sana ni kuamka wakati uleule kila siku, hata baada ya usiku mbaya. Kahawa na chai ya rangi huuzuia: kwa watu wengi, nusu ya kafeini ya kikombe cha saa kumi na moja jioni bado imo mwilini saa nne usiku. Pombe hudanganya zaidi. Humlaza mtu haraka, kisha huukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku, na asubuhi wasiwasi huwa umeongezeka. Anayekunywa ili kupunguza mawazo huyaahirisha tu, akiyaongezea na gharama.

Kuijaza siku

Kwa moyo ulionyong'onyea, kazi ya kwanza ni kupanga mambo madogo yenye muda na mahali. "Nitaanza kutoka nje" ni azimio ambalo halina pa kushika. "Kesho saa kumi na mbili jioni nitakwenda kwa dada nikarudishe sufuria" ni jambo linaloweza kufanyika. Orodha nzuri huchanganya vitu vya aina mbili: vinavyofurahisha, kama kusikiliza taarabu au kutazama mpira na wenzake, na vinavyompa mtu hisia kwamba ameweza, kama kufua nguo mbili tatu, kushona kifungo au kumwagilia mchicha. Siku za mwanzo furaha huwa haba, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mpango hufuatwa hata bila raha, na mabadiliko hupimwa kwa wiki badala ya saa.

Mawazo yanayozunguka usiku kucha nayo yana dawa yake. Mwaka 1983 mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake walipima njia ya kuyatengea nusu saa moja kwa siku, wakati na mahali palepale. Wasiwasi ukija nje ya muda huo, huandikwa na kuwekwa kando hadi saa yake. Wengi hugundua kuwa saa ikifika, baadhi ya yaliyoandikwa yameshapoteza ukali. Muda huo usiwe karibu na wa kulala.

Kulikata tatizo vipande

Kupumua hakulipi deni. Msongo unaotokana na tatizo halisi huhitaji tatizo hilo lishikwe, na mfano uliopimwa vizuri barani Afrika umetoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi katika kitongoji cha Mbare, Harare, nchi ikiwa na madaktari wa fani yake wachache mno. Wasaidizi alioweza kuwapata walikuwa wanawake wazee 14 waliokuwa wakijitolea katika jamii. Walifundishwa kuketi na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mgonjwa hueleza yote yanayomsumbua, kisha huchagua moja tu. Pamoja na bibi yule hutafuta njia zinazowezekana, huchagua mojawapo na kupanga hatua ya kuanzia. Akirudi, huzungumzia kilichofanikiwa na kilichokwama.

Mradi huo, uitwao Benchi la Urafiki, ulipimwa katika zahanati 24 za Harare kwa wagonjwa 573, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida, waliokuwa bado na dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, walikuwa karibu asilimia 50. Miongoni mwa walioketi kwenye benchi walikuwa chini ya asilimia 14. Utaratibu huo umeshavuka mipaka hadi Malawi na Zanzibar.

Mtu anaweza kuutumia hata bila benchi. Mwenye madeni matatu huandika yote, kiasi na tarehe, kisha huchagua linalouma zaidi. Hatua ya wiki hii inaweza kuwa kumwendea mdai kabla hajaja, na kuomba marejesho yagawanywe. Deni halijaisha, lakini limekuwa na mpango, na mwili hushusha tahadhari yake.

Watu wa karibu

Baraza la kahawa, kikundi cha kukopeshana, kwaya, darasa la msikitini na jumuiya ndogondogo hufanya kazi ambayo dawa haiwezi: humtoa mtu nyumbani kwa siku maalumu, na asipofika hutafutwa. Anayependa kusali hupata humo faraja pamoja na watu. Anayeshindwa kusema mbele ya wengi anahitaji mmoja tu anayetunza siri.

Msikilizaji naye ana wajibu wake. "Jikaze" na "wenzako wana makubwa zaidi" hufunga mdomo wa anayezungumza. Linalosaidia ni kumwacha amalize, kurudia kwa ufupi alichosema ili ajue ameeleweka, na kumuuliza anachoona kinawezekana kabla ya kumpa ushauri.

Wakati wa kwenda hospitali

Njia hizi hutosha kwa msongo na huzuni za kawaida. Huzuni au kukosa hamu kukidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi au hamu ya kula kubadilika, uchovu, kujilaumu na kushindwa kufanya kazi, hiyo huenda ni sonona, na ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Mama aliyejifungua hivi karibuni achunguzwe mapema. Daktari pia hutazama sababu za kimwili, kama upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingo, zinazoweza kuleta dalili zinazofanana.

Mawazo ya kujiua hayangojwi wiki mbili. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Mwenye mawazo hayo asiachwe peke yake, sumu, dawa na kamba viondolewe, na apelekwe kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo.

Kituo hicho kinaweza kumpa rufaa kwenda hospitali ya mkoa au zile za magonjwa ya akili, kama Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi au Butabika ya Kampala. Tiba huwa ni mazungumzo, dawa, au vyote viwili. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na haziachwi ghafla bila kumwona daktari. Katika wiki hizo za kungoja, matembezi, usingizi wa saa maalumu na ratiba ya mambo madogo huendelea, kwa kuwa ni sehemu ya tiba yenyewe.