Utangulizi: Jina Bila Kuhama

Pengine umeletwa hapa na shida: sanduku lako la barua pepe lina maelfu ya barua, na jana umeitafuta moja hadi ukakata tamaa. Pengine umeletwa na udadisi tu. Yote ni heri. Somo letu ni namna ya kuyapa makundi ya barua majina, ndani ya programu inayoendeshwa kwa amri za kuandika, bila kipanya wala vitufe vya rangi. Kwa jicho la haraka ni somo dogo. Mimi nalipenda kwa sababu linafundisha jambo ambalo watumiaji wengi wa kompyuta hawajawahi kuelezwa: mahali kitu kilipo na jina kinaloitwa ni mambo mawili.

Mtazame mama mmoja wa mtaani. Yumo kwenye upatu wa akina mama, yumo kwenye kamati ya harusi ya kijana wa jirani, na yumo kwenye kamati ya shule. Siku alipojiunga na upatu hakufungasha vyombo akahama nyumba. Harusi itapita, kamati itavunjwa, naye atabaki pale pale kwake. Barua pepe zetu, kwa upande mwingine, tumezizoesha kuhamahama. Ya kazi inapelekwa folda ya kazi, ya nyumbani folda ya nyumbani. Je, barua ya shemeji anayeomba nafasi ofisini kwako iende wapi? Ukiwa na folda peke yake, lazima uchague. Ukiwa na makundi yenye majina, barua inakaa ilipo na kuitikia kila jina inalostahili.

Programu nitakayoifuata ni MH. Wazo lake lilitolewa na R. Stockton Gaines na Norman Shapiro katika shirika la utafiti la RAND, Santa Monica, California, mwishoni mwa miaka ya 1970, na Bruce Borden ndiye aliyeiandika. Katika miaka ya 1980 ilikuzwa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na Marshall Rose pamoja na John Romine. Toleo linalotumika leo linaitwa nmh, lililoanzishwa na Richard Coleman mwaka 1997. Mtu anaweza kuuliza kwa nini nianze na programu ya umri huu. Nimeichagua kwa sababu haifichi kitu. Kila barua ni faili moja la maandishi, na jina la faili ni namba: 1, 2, 3 na kuendelea. Folda ni saraka ya kawaida kwenye diski. Hakuna hifadhidata iliyofungwa; ukitaka kujua programu inajua nini, fungua ukasome.

Na hayo makundi yenye majina? Nayo yamo wazi. Katika kila folda kuna faili dogo liitwalo «.mh_sequences». Ndani yake utakuta mistari kama huu:

tasnifu: 3 7 9-12

Basi. Jina, nukta mbili, kisha namba za barua. MH huliita kundi hilo mfuatano, nami nitalitumia neno hilo kuanzia hapa. Mara ya kwanza nilipolifungua faili hilo nilikaa nikilitazama muda mrefu, maana nilitegemea kukuta kitu kigumu.

Amri ya kuunda mfuatano ni «mark». Ukiandika «mark -sequence tasnifu -add 3 7 9-12», kundi limezaliwa. Ukiweka «-delete» badala ya «-add», barua ulizozitaja zinatoka kundini, na hakuna hata moja iliyofutwa kwenye diski. Hili nalisisitiza kwa wanafunzi kila mwaka, maana neno lenyewe linawatia hofu. Ukiandika «mark» peke yake, unaonyeshwa mifuatano yote ya folda uliyomo.

Lakini nani atakaa akihesabu namba? Hapo ndipo «pick» inapoingia, na kwangu ndiyo amri yenye thamani kuliko zote. «pick -subject tasnifu -sequence tasnifu» hupitia folda nzima, hukusanya barua zenye neno hilo kwenye kichwa cha habari, na kuzipa jina. Tangu hapo jina linafanya kazi popote ambapo ungeandika namba. «scan tasnifu» inakupa orodha, «show tasnifu» inakufungulia barua zenyewe, «refile tasnifu +kumbukumbu» inazihamishia zote folda nyingine siku kazi ikiisha. Amri hizo hazikufundishwa lolote kuhusu tasnifu. Zimefundishwa jambo moja: kuelewa jina.

Yapo majina ambayo programu imejitengea: «first», «last», «next», «prev», «cur», «all» na «new». Hayo usiyaguse. Mengine ni yako, mradi yaanze na herufi na yaendelee kwa herufi au tarakimu tu. Kiswahili kinaingia humo bila taabu, kwa kuwa hatuna herufi zenye alama juu. Anayepata shida ni mfugaji, kwani «ng'ombe» na king'ong'o chake halitakubaliwa.

Mfuatano mmoja hujijenga wenyewe, nao ni ule wa barua ambazo hujazisoma. Katika faili la mapendeleo yako, «.mh_profile», andika «Unseen-Sequence: bado». Kila barua mpya ikiingia inapewa jina hilo, na ukiifungua inavuliwa. Wengi hutumia neno la Kiingereza. Mimi nashauri «bado», maana ndivyo tunavyojibu tukiulizwa kama tumesoma.

Katika faili hilo hilo unaweza kuchagua kiambishi cha kukanusha, ili uombe barua zote zisizo za kundi fulani. Mswahili atavutiwa na «si». Jihadhari nacho: siku utakapokuwa na kundi la simu, la siasa au la sikukuu, utajichanganya mwenyewe. «Isipokuwa» ni refu, lakini ni salama.

Kuna udhaifu ambao sitauficha. Mfuatano unakumbuka namba, haukumbuki barua. Ukifuta au kuhamisha barua kwa amri za MH, orodha inarekebishwa, na hata ukiamuru folda ipangwe upya kwa «folder -pack», majina yanafuata barua zake kwenye namba mpya. Ukiyabadilisha mafaili kwa mkono, nje ya programu, hakuna atakayeiarifu orodha, na barua nyingine inaweza kukaa kwenye namba ya zamani na kujikuta imevaa jina lisilo lake. Kosa hili halipigi kelele. Utaligundua utakapomtumia mtu barua isiyomhusu.

Jambo la mwisho kabla hujaingia sura ya kwanza ni mifuatano ya faragha. Ile iliyo katika «.mh_sequences» ni ya wazi: kila anayesoma folda hiyo anaiona. Ukiwa na folda ya pamoja ambayo huruhusiwi kuiandika, majina yako yatahifadhiwa kwenye faili lako mwenyewe liitwalo «context», nawe utayapanga makundi yako bila kumgusa mwenzako. Watu wawili wanaweza kuzigawa barua zile zile kwa namna mbili zisizofanana, na barua zisijue.

Usijaribu yote kwa siku moja. Weka «bado» kwenye mapendeleo yako leo, uitumie juma zima, kisha unda mfuatano mmoja wa kazi uliyo nayo mkononi. Ukishauzoea, fungua sura ya kwanza.