John Mwakangale wa Rungwe: Tumtaje Vipi Kiongozi Aliyegawa Watu?



Visiwani kwetu majina ya wanasiasa wa zamani bado yanachoma. Baraza moja humwita mtu shujaa, baraza la pili humwita dhalimu, na watoto hurithi ugomvi wasioujua ulikoanzia. Insafu ni nyepesi kujifunza kwa mtu wa mbali, ambaye hatuna naye kisasi wala undugu. Kwa hiyo tumtazame John Mwakangale, Mnyakyusa wa Rungwe, wilaya ya milima, migomba na chai ambayo makao yake ni Tukuyu, na ambayo zama zile ilichukua pia Kyela ya leo.

Mwakangale alikuwa kiongozi wa TANU katika Nyanda za Juu Kusini, na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kabla ya uhuru. Mapema mwaka 1962, Nelson Mandela alipotoka Afrika Kusini kwa siri, alipitia Mbeya, na Mwakangale ndiye aliyekuwa mwenyeji wake. Mandela ameeleza mshangao wake kuona weusi na weupe wamekaa pamoja katika hoteli. Mpokea wageni wa Kizungu alisahau kumwambia kuwa Mwakangale alikuja kumuulizia, na Mwafrika mmoja akamkumbusha bibi yule, kwa adabu na kwa uthabiti, kwamba wageni hawa waangaliwe vizuri. Hapo Mandela akajua yuko katika nchi inayotawaliwa na Waafrika.

Lakini miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 1961, Bunge lilijadili uraia wa Tanganyika. Serikali ilitaka sheria isitazame rangi. Mwakangale alikuwa miongoni mwa waliopinga, akisema wengi katika wasio Waafrika bado wanamdharau Mwafrika. Nyerere alijibu kwa ukali, akafananisha ubaguzi huo na wa Hitler, na akasema Serikali itajiuzulu mswada ukikataliwa. Mswada ukapita.

Je, hofu ya Mwakangale haikuwa na asili? Ilikuwa nayo. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ilhali Waafrika walikuwa wengi mno kuliko wote. Dhulma ilikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa katika dawa: kumtwisha mtoto aliyezaliwa nchini mzigo wa rangi ya baba yake. Qur-aan imetufundisha kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine, na Suratul-Hujuraat, aya ya 13, imeweka ubora katika taqwa, si katika kabila.

Sisi wa visiwani tunalijua hili kwa machungu. Januari 1964 watu waliuawa na wengine wakakimbia makwao kwa sababu ya asili zao. Na kabla ya hapo wapo waliodharauliwa kwa asili zao pia. Familia nyingi zina jeraha la upande mmoja au wa mwengine, na baadhi zina yote mawili.

Basi tuwataje vipi viongozi waliopita? Kwanza, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza kuwatukana wafu, kwani wameshayafikia waliyoyatanguliza, kama alivyopokea Al-Bukhaariy kutoka kwa Mama 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa). Pili, kueleza kitendo cha hadharani cha kiongozi ili watu wapate funzo si matusi, madamu ni kweli na kuna haja. Tatu, Suratul-Maaidah, aya ya 8, imetuamrisha uadilifu hata kwa tunaowachukia. Anayelitaja kosa la Mwakangale Bungeni asiufiche wema wake wa Mbeya, wala anayeusifu wema huo asilifiche kosa.

Wazazi, watoto wakiuliza kuhusu viongozi wetu wenyewe, wapeni pande zote mbili, hata ule unaowauma.

Na Allaah Anajua zaidi.