Harusi za baada ya pamba: Kupendeza bila kukosa plau Novemba

MWAKA 1947 mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ulitoa zawadi ya harusi iliyotangazwa dunia nzima. Mwenye mgodi huo, Dk. John Williamson, alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa Novemba mwaka huo, almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, yaani chini kidogo ya gramu 11.

Almasi hiyo ilichongwa London ikabaki na karati 23.6, na mwaka 1953 kampuni ya Cartier ikaiweka katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Jiwe lilitoka Shinyanga. Kazi ya mikono, pamoja na malipo yake, vilibaki London.

Harusi nyingi za mkoani humu leo zinakwenda kwa mtindo huo huo. Mkulima anauza pamba, sehemu kubwa ya nyuzi zake inasafirishwa nje ya nchi, kisha fedha aliyoipata inanunua maua ya plastiki, riboni na vitambaa vya satini vilivyotoka ng'ambo. Baada ya siku moja vinatupwa jalalani nyuma ya ukumbi.

Msimu wenyewe unafahamika. Masoko ya pamba yakishafunguliwa kuanzia Mei au Juni, fedha huanza kuonekana vijijini, na kuanzia Julai karibu kila Jumamosi kuna msafara wa magari yenye maua unaopita Kahama, Kishapu au mjini Shinyanga. Ndiyo miezi ambayo tangu zamani Wasukuma hutumia kwa ngoma, Wagika na Wagalu wakishindana, kwa kuwa mavuno yameingia na shamba limepumzika.

Tatizo huanza Novemba mvua zinapokaribia. Hapo ndipo mwenye harusi anapogundua kwamba hana fedha ya mbegu, vibarua wala ya kukodi plau, na anakwenda kukopa kwa mfanyabiashara yule yule aliyemuuzia satini.

Wapo pia wanaoingia hasara kubwa zaidi kupitia mahari. Ng'ombe ni heshima, na hakuna mzee wa Kisukuma atakayekubali kuambiwa vinginevyo. Lakini kutoa maksai waliofundishwa kulima ni sawa na fundi kuuza cherehani yake ili anunue nguo. Pande mbili zinaweza kukubaliana ng'ombe wengine watolewe kwanza, na waliobaki walipwe kwa awamu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu mahari haijalipwa.

Sheria hiyo hiyo inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, hivyo ni vyema tarehe ithibitishwe kabla kamati haijalipia ukumbi. Na kuhusu umri, Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilikubaliana na hukumu ya mwaka 2016 kwamba vifungu vinavyoruhusu msichana aliye chini ya miaka 18 kuolewa ni kinyume cha Katiba. Mpambaji au fundi anayepewa kazi ya namna hiyo aikatae.

Bwana harusi naye aandaliwe

Kwa miaka mingi maandalizi ya mwili yalionekana kuwa ni ya bibi harusi peke yake. Bwana harusi alinyolewa asubuhi ya siku yenyewe, akavaa suti ya kuazima, basi. Siku hizi saluni za kiume zipo hadi kwenye vituo vidogo vya machimbo, na skrabu ya uso imekuwa jambo la kawaida.

Kosa kubwa ni kuacha kila kitu hadi siku ya mwisho. Ngozi ambayo haijawahi kufanyiwa skrabu inaweza kuwasha na kuvimba, na picha za harusi hazirudiwi. Anayetaka skrabu aanze wiki tatu au nne kabla, na ya mwisho aifanye siku tatu kabla ya harusi. Nywele nazo zinyolewe siku mbili kabla, ili kama mkono wa kinyozi umeteleza uwepo muda wa kurekebisha.

Wenye ndevu zinazojikunja hupata vipele shingoni kwa sababu unywele uliokatwa karibu mno na ngozi hurudi kuota ndani yake. Hao wanyoe kwa kufuata upande ndevu zinakoota, tena wasikwangue sana. Mashine isafishwe kwa spiriti mbele ya mteja. Kinyozi anayeona kero kuombwa hivyo hafai kupewa kichwa cha bwana harusi.

Mkorogo ukwepwe kabisa. Vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na bwana harusi aliyebabuka hafichiki hata kwa suti ya bei mbaya.

Kinachosahaulika zaidi ni mikono. Mkulima aliyetoka kuvuna na mchimbaji aliyetoka shimoni wana mikono yenye nyufa, na mikono hiyo ndiyo itakayopigwa picha ikivishana pete. Kuiloweka kwenye maji ya vuguvugu kila jioni kwa wiki mbili, kisha kupaka gliserini au mafuta ya nazi, hakugharimu fedha ya kutisha.

Suti si lazima iwe ya dukani. Koti zuri la mtumba likipelekwa kwa fundi akabana kiuno na kupunguza mikono, watu wachache watalitambua. Fundi apewe kazi mwezi mzima kabla, maana msimu huu kila fundi ana foleni. Viatu vipya vivaliwe nyumbani siku kadhaa. Kuna mabwana harusi waliocheza muziki wao wa kwanza wakichechemea.

Pete na ushawishi wa dhahabu ya mfukoni

Anayeishi ukanda wa Geita na Kahama hakosi rafiki anayesema ana dhahabu ya bei ya chini. Ushawishi huo ni hatari mara mbili. Kwanza, kununua na kuuza madini bila leseni ni kosa; mwaka 2019 serikali ilianzisha masoko ya madini, la Geita likiwa miongoni mwa ya kwanza, ili biashara hiyo ifanyike hapo. Pili, anayenunua gizani hana namna ya kujua kama ni dhahabu au ni shaba iliyong'arishwa.

Kwa sonara mwenye duka na risiti, pete huwa na muhuri. Alama 750 ina maana ya karati 18, yaani robo tatu ni dhahabu safi. 375 ni karati 9. (Karati hizi ni za usafi wa dhahabu, si zile za uzito wa almasi.) Kwa hiyo pete ya gramu 5 yenye muhuri 375 ina dhahabu safi isiyofika gramu 2, na anayeilipia bei ya dhahabu tupu ameibiwa mchana kweupe. Kidole kipimwe jioni, kwa sababu huvimba kidogo kwa joto la mchana.

Pamba yenyewe iwe ua

Katika mapambo ndipo Shinyanga inapopoteza fedha bila sababu. Ulaya na Marekani maduka ya maua yanauza matawi makavu ya pamba yenye vitumba vilivyopasuka, na watu wanayaweka mezani kwenye harusi. Hapa matawi hayo hayo yanasubiri kung'olewa na kuchomwa.

Hesabu yake ni rahisi. Harusi ya wageni 200 ina meza 20 za watu kumi kumi. Kila meza ikiwekewa matawi matano yenye vitumba vitano, vinahitajika vitumba 500. Kitumba kimoja hutoa takriban gramu 4 hadi 5 za pamba mbegu, hivyo ukumbi mzima umepambwa kwa pamba isiyozidi kilo 2.5.

Matawi yakatwe asubuhi umande ukishakauka, vitumba vikiwa vimefunguka vizuri lakini havijachafuliwa na vumbi. Yaondolewe majani, yatikiswe kutoa wadudu, kisha yaning'inizwe kivulini kichwa chini kwa wiki moja. Yakifungwa kwa kamba ya katani na kuwekwa kwenye kibuyu kilichokatwa shingo, hakuna mgeni atakayeulizia maua ya plastiki.

Tahadhari ni mbili. Pamba hushika moto haraka, hivyo mshumaa usikae meza moja nayo. Na sherehe ikiisha matawi yachomwe, kwa kuwa masalia yanayobaki huhifadhi funza hadi msimu unaofuata.

Vipande vya vitenge vinavyozagaa chini ya cherehani navyo ni mali. Vikikatwa pembetatu na kushonwa kwenye kamba, hupamba ukumbi kuanzia mlangoni hadi kwenye kiti cha maharusi, na vikubwa hutosha kushona vifuko vya zawadi za wageni. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, na pengo hilo bado lina nafasi ya kikundi cha akina mama wenye cherehani mbili.

Anayetaka upinde wa majani mlangoni achukue matawi ya kupogoa, asiangushe mti. Mkoa huu uliwahi kuitwa jangwa la Tanzania, na ngitili zilizorudishwa kwa mradi wa HASHI kuanzia mwaka 1986 hazikurudi kwa urahisi.

Kwa anayefanya biashara hii, kosa la kawaida ni kutohesabu muda wake. Tuseme vifaa vya pambo moja la meza vinagharimu Sh1,500 na kulitengeneza kunachukua nusu saa. Akiuza kwa Sh2,000 amejilipa Sh1,000 kwa saa, kabla ya nauli na usiku mmoja wa kupamba ukumbi. Vibuyu, kamba na vitambaa avikodishe badala ya kuviuza, navyo vitarudi Jumamosi inayofuata.

Kamati za harusi huishi kwa ahadi, na ahadi nyingi hazifiki. Mpambaji achukue nusu ya malipo kabla ya kukata tawi la kwanza, na nusu nyingine aipokee mkononi mwa mhazini kabla ukumbi haujafunguliwa. Ikishafanyika ile sherehe ya kuvunja kamati, hatampata wa kumdai.